Nani Amlipie Muuza Mchicha?

Karibu kila familia ya Afrika Mashariki imewahi kujikuta ndani ya kundi la WhatsApp lililopewa jina la mgonjwa. Ujumbe wa kwanza hueleza hali yake, wa pili hutaja deni la hospitali, wa tatu huleta namba ya kutumia pesa na jina litakalotokea kwenye simu. Kisha orodha huanza kurefuka: shemeji elfu hamsini, katibu wa kikoba elfu ishirini, mtu aliyesoma naye shule ya msingi elfu tano, na chini kabisa jumla, ambayo mwekahazina huirekebisha kila baada ya dakika chache. Utaratibu huu umeokoa maisha ya watu wengi na hakuna sababu ya kuudharau. Kasoro yake ni kwamba pesa huanza kutafutwa mtu akiwa tayari kalazwa, bei ikiwa tayari imepangwa, na kiasi kinachopatikana hutegemea ukubwa wa ukoo na mifuko ya marafiki. Mwenye ndugu maofisini deni lake huisha kwa wiki moja. Kibarua ambaye marafiki zake wote ni vibarua huuza shamba, au hubaki wodini hata baada ya kuruhusiwa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kuwazuilia kina mama wawili waliojifungua katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, kwa sababu ya ada walizoshindwa kulipa, kulikiuka haki zao. Kesi kama hiyo hufika mahakamani mara chache. Jambo lenyewe si la mara chache.

Kwa hiyo anayesema huduma ya afya kwa wote ni anasa ya mataifa tajiri anasahau kwamba tayari tunalipiana. Tunalipiana kwa kuchelewa, kwa upendeleo wa udugu, na bila nguvu yoyote ya kujadili bei. Swali lililobaki ni la mpango: nani achangie, lini, kupitia mfuko gani, na nani alipiwe na wenzake. Sheria mpya zimepitishwa pande zote mbili za mpaka. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kenya ilipitisha yake mwaka huohuo, ikavunja mfuko wake wa bima, NHIF, uliokuwapo tangu 1966 na kuanzisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 2024. Makala haya yanatetea msimamo mmoja: mfuko mkubwa wa pamoja ndio njia bora kwa nchi zetu, lakini hautamfikia kila mtu mpaka tukubali kwamba wengi wa wananchi watalipiwa kwa kodi na si kwa mchango wa bima unaodaiwa mlango kwa mlango.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Huduma ya afya kwa wote ni lengo: kila mkazi apate tiba anayoihitaji bila kufilisika. Mlipaji mmoja ni njia mojawapo ya kulifikia: chombo kimoja, kwa kawaida cha umma, kinakusanya pesa zote na kuzilipa hospitali, ziwe za serikali, za dini au za binafsi. Unaweza kufika kwenye lengo bila njia hiyo. Ujerumani ilianza bima ya wafanyakazi chini ya kansela Bismarck mwaka 1883, na hadi leo ina mifuko mingi inayoshindana chini ya kanuni kali za serikali, huku karibu kila mtu akiwa na bima. Uingereza ilichukua njia nyingine Julai 5, 1948, waziri wa afya Aneurin Bevan alipoanzisha NHS, huduma ya afya ya taifa, ambayo hugharamiwa kwa kodi na kumiliki hospitali zake nyingi. Kanada iko katikati: madaktari wengi wanajitegemea, hospitali zina bodi zake, lakini anayelipa bili ni serikali ya jimbo. Marekani ndiyo nchi tajiri iliyobaki nje, ikitumia zaidi ya asilimia 17 ya pato la taifa kwa afya huku watu wapatao milioni 26 wakiwa hawana bima yoyote mwaka 2023. Uingereza na Kanada hutumia kati ya asilimia 11 na 12, na watu wake huishi miaka mingi zaidi kwa wastani.

Sisi tumezunguka njia nyingi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Tanzania ilijenga zahanati vijijini na kutibu bure, na mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali za watu binafsi za kutafuta faida. Uchumi ulipoanguka miaka ya themanini, zahanati zilibaki na kuta na mganga asiye na dawa. Hospitali binafsi zikarudi mwaka 1991, na mwaka 1993 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama, pamoja na msamaha kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wasiojiweza. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ukaanza kwa majaribio wilayani Igunga: kaya inalipa kwa mwaka na kutibiwa kwenye vituo vya karibu. Watumishi wa umma wakapata mfuko wao, NHIF (jina sawa na ule wa Kenya), ulioanza kazi mwaka 2001 kwa makato ya asilimia 3 ya mshahara na asilimia 3 nyingine kutoka kwa mwajiri. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mifuko yote ikijumlishwa, bima ilikuwa imewafikia takriban asilimia 15 tu ya Watanzania. Uvivu wa maofisa uandikishaji hauwezi kueleza matokeo kama hayo. Sababu imo ndani ya bima ya hiari yenyewe, na inafaa kuionyesha kwa hesabu.

Chukua kijiji cha kubuni chenye watu 1,000 ambao matibabu yao, ukiyagawa sawasawa, hugharimu shilingi 30,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Kila mmoja akitoa 30,000, zinapatikana milioni 30 na kila mgonjwa anatibiwa. Sasa ifanye bima iwe ya hiari. Kijana mwenye afya anaona hana haja, anangoja. Wanaokimbilia kuandikishwa ni mwenye kisukari, mwenye presha, mjamzito, na mzee anayejua goti lake litahitaji daktari. Wakijiunga watu 200 wa aina hiyo, wastani wa gharama zao unaweza kuwa 90,000. Mfuko utakusanya milioni 6 na kudaiwa milioni 18. Mwaka wa pili ada inapandishwa hadi 90,000. Wale wenye nafuu kati ya 200 wanajitoa, wanabaki wagonjwa zaidi, na wastani unapanda tena. Hakuna aliyedanganya hapo. Kila mtu kafanya uamuzi wa busara kwa nyumba yake, na mfuko umekufa.

Ndivyo ilivyotokea, kwa sehemu kubwa, kwa Toto Afya Kadi, bima ya watoto nchini Tanzania. Mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka na mtoto akapata kadi ya NHIF. Wazazi wengi waliojitokeza ni wale ambao watoto wao walikuwa tayari wanaumwa, matumizi yakazidi michango kwa mbali, na mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Wazazi walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika, maana mtoto mwenye selimundu hawezi kusubiri wataalamu wa bima wamalize kupiga hesabu. Lakini kosa halikuwa la mzazi aliyemkatia mtoto mgonjwa. Lilikuwa ni kutegemea kwamba mzazi wa mtoto mzima naye angekuja kwa hiari yake.

Basi tulazimishe, husema wengi, na sheria zote mbili mpya zimelazimisha. Kwa mwenye mshahara, kulazimisha ni kazi ya mhasibu: SHA hukata asilimia 2.75 ya mshahara ghafi kabla haujafika benki. Ugumu unaanza kwa muuza mchicha, bodaboda, mvuvi, fundi wa mtaani na mkulima wa mahindi, ambao ndio walio wengi Tanzania na Kenya kote. Kipato chao hakina hati, hakina siku maalumu, na mwezi wa njaa hakipo kabisa. Kenya inawauliza maswali kuhusu paa la nyumba, maji ya bomba na mifugo, kisha mtambo unakadiria mchango, usiopungua shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, uliotakiwa kulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu anayenunua unga wa kupima hawezi kununua afya ya mwaka mzima kwa siku moja. Serikali yenyewe iliuona ugumu huo: mwaka 2025 ikaleta mpango wa mkopo ulioitwa Lipa SHA Pole Pole, na baadaye ikatangaza kuwalipia wasiojiweza wapatao milioni 2.2. Mamilioni ya watu wamejiandikisha. Wanaochangia kutoka nje ya ajira rasmi wamebaki sehemu ndogo. Na kila shilingi inayofuatiliwa sokoni ina gharama ya wakala, ya mfumo wa kompyuta, ya matangazo na ya kumkumbusha aliyeacha kulipa.

Hapa ndipo inapofaa kusema wazi jambo ambalo wanasiasa hulizunguka. Muuza mchicha tayari anachangia. Analipa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sabuni, ushuru kwenye mafuta ya basi lililoleta mchicha wake, tozo kwenye vocha na kwenye pesa anazotuma kwa mama yake kijijini. Kumwita mtu asiyechangia kwa sababu tu hana kadi ni kumnyima sifa ya kodi aliyokwisha kulipa. Ghana ililitambua hilo mapema: mfuko wake wa bima wa 2003 unategemea zaidi tozo ya asilimia 2.5 iliyoambatanishwa na kodi ya ongezeko la thamani, na michango ya wanachama ni sehemu ndogo tu ya mapato. Rwanda, inayosifiwa kwa bima ya jamii iitwayo mutuelle na kwa kuwafikia wananchi wapatao asilimia 90, husimuliwa kama ushindi wa michango ya kaya. Ukweli ni kwamba serikali na wafadhili wamekuwa wakiwalipia maskini zaidi kwa miaka mingi, na tangu 2020 wafanyakazi wenye mishahara hukatwa asilimia 0.5 kuusaidia mfuko huohuo wa wanavijiji. Hata huko ambako mchango wa kaya umefanya kazi kuliko kwingine Afrika, umehitaji mkono wa kodi.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa muda mrefu, hata hivyo, ni Thailand. Mwaka 2001 pato la Mthai kwa mwaka lilikuwa chini kidogo ya dola 2,000, vijiji vilikuwa vingi na kazi nyingi hazikuwa rasmi. Watumishi wa serikali walikuwa na skimu yao, wafanyakazi wa makampuni yao, maskini walikuwa na kadi ya msamaha, na kulikuwa na kadi ya kununua kwa hiari ambayo iliugua ugonjwa uleule wa kijiji chetu cha kubuni: waliumwa, wakanunua, walipona, wakaacha. Zaidi ya robo ya wananchi walibaki nje ya yote. Daktari mmoja wa wizara ya afya, Sanguan Nitayarumphong, alikuwa amepigania kwa miaka mingi wazo la mfuko wa kodi kwa wote waliobaki, na chama cha mwanasiasa Thaksin Shinawatra kiliponunua wazo hilo na kushinda uchaguzi, likaingia kwenye utekelezaji mikoani mwaka 2001 na nchi nzima mwaka 2002. Mgonjwa alilipa baht 30, chini ya dola moja, kila alipokwenda kutibiwa. Hakukuwa na ada ya mwaka wala wakala wa kuifuatilia.

Jinsi pesa zilivyotembea ndiyo siri ya mafanikio hayo. Serikali ilitenga kiasi maalumu kwa kila kichwa, takriban baht 1,202 mwaka wa kwanza, na hospitali ya wilaya ikalipwa kwa idadi ya watu walioandikishwa kwake, waumwe wasiumwe. Hospitali haikuwa na faida yoyote kwa kuongeza vipimo au kumlaza mtu bila sababu. Ilifaidika watu wake wakiwa wazima. Waliolazwa walilipiwa kwa viwango vilivyopangwa kufuatana na aina ya ugonjwa, ndani ya bajeti yenye kikomo. Na kwa kuwa mfuko ulikuwa ukiwanunulia dawa watu milioni 47, uliweza kukaa mezani na watengenezaji na kushusha bei kwa namna ambayo hakuna hospitali ya wilaya ingeweza peke yake. Idadi ya familia zinazofilisiwa na matibabu ilishuka, na watafiti waliofuatilia mikoa maskini waliona vifo vya watoto wachanga vikipungua. Usafishaji wa figo, ambao hapo mwanzo haukuwemo, uliingizwa mwaka 2008 baada ya gharama kupimwa na mjadala wa wazi. Lakini asije mtu akasema ilikuwa miujiza ya sheria. Thailand ilitumia miaka ya sabini na themanini kujenga hospitali katika kila wilaya na kuwapeleka madaktari wapya vijijini kwa lazima. Kadi ilipokuja, ilikuta mlango wa kubisha.

Faida nyingine ya mlipaji mmoja haionekani kwa mgonjwa, inaonekana nyuma ya dirisha la bima. Hospitali inayopokea wagonjwa wa mifuko mitano ina orodha tano za bei, fomu tano za madai, mifumo mitano ya kuhakiki alama za vidole, na karani ambaye kazi yake ya kutwa ni kujua mfuko upi unahitaji kibali kabla ya kipimo cha CT na upi unakataa dawa kwa jina la kibiashara. Madai yakirudishwa kwa sababu daktari hakusaini ukurasa wa pili, faili linaanza safari upya. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulikadiria kuwa uendeshaji wa aina hii ulikula asilimia 31 ya matumizi ya afya nchini humo, dhidi ya asilimia 16.7 Kanada. Waandishi wake ni watetezi wa mlipaji mmoja na hesabu zao zimebishaniwa, lakini hata wapinzani hawakatai kwamba pengo lipo na ni kubwa.

Sasa tusikilize upande wa pili, maana una hoja nzito. Ya kwanza ni umaskini: kodi zetu hazitoshi. Ni kweli hazitoshi kugharamia kila kitu, na atakayeahidi upandikizaji wa figo kwa kila anayeuhitaji kesho asubuhi anadanganya. Ila mwaka 2001, pale Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi nyingi hazijawahi kufika hapo. Bado hatujajua mwisho wa uwezo wetu. Sheria ya Tanzania imetaja vyanzo vya kuwalipia wasio na uwezo, vikiwemo tozo kwenye vinywaji vyenye kaboni, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha, jambo ambalo ni hatua ya kweli. Na umaskini unadai kupanga zaidi: kuanza na zahanati, hospitali ya wilaya, uzazi, watoto, ajali, presha na kisukari, kabla ya kununua mashine za hospitali ya rufaa. Kitita kifupi cha huduma kinachotolewa kweli kila siku ni haki kubwa kuliko kitita kirefu cha kwenye karatasi. Kusitishwa kwa misaada ya Marekani mapema mwaka 2025, kliniki za VVU zikihaha kutafuta nani atalipa mishahara, kuliongeza sababu ya kutaka chanzo cha pesa kilicho mikononi mwetu.

Hoja ya pili ni foleni. Kanada, kwa makadirio ya Taasisi ya Fraser, mgonjwa wa kawaida aliyepewa rufaa mwaka 2023 alisubiri wiki 27.7 hadi kutibiwa. Uingereza orodha ya wanaosubiri ilikuwa na zaidi ya milioni 7 mwaka huohuo. Haya ni mateso halisi, hasa kwa mtu mwenye nyonga inayouma, na watetezi wa mfumo hawapaswi kuyapuuza. Foleni hutokea pale serikali inapobana bajeti, madaktari na vitanda chini ya mahitaji, na mfumo wa mlipaji mmoja unairahisishia serikali kubana. Lakini foleni ya Kanada tunaiona kwa sababu imeandikwa majina. Yetu haijaandikwa. Mkulima wa Tandahimba, kusini mwa Tanzania, mwenye uvimbe ambaye hajaenda hospitali kwa kuogopa gharama hayumo kwenye takwimu ya wiki 27 wala ya wiki 270. Anasubiri nyumbani, na wengine husubiri mpaka kifo. Mfumo unaopanga watu kwa uzito wa ugonjwa unaweza kulaumiwa kwa kuchelewa. Unaowapanga kwa uwezo wa kulipa huwafuta kwenye orodha.

Hoja ya tatu husemwa na watu wa hazina: kitu cha bure hutumiwa vibaya. Jaribio kubwa lililofanywa Marekani na taasisi ya RAND kati ya miaka ya sabini na themanini lilionyesha kwamba waliotibiwa bure walitumia huduma zaidi ya waliochangia. Lakini lilionyesha pia kwamba ada ilipunguza huduma za lazima na zisizo za lazima kwa pamoja. Mgonjwa hajui kutofautisha kikohozi cha kupita na cha kifua kikuu, na ndiyo maana huenda kwa daktari. Ushahidi wa karibu zaidi ni wa magharibi mwa Kenya, ambako wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliwapa wajawazito vyandarua kliniki, wengine bure, wengine kwa bei tofauti. Bei ya senti 60 tu za dola ilishusha idadi ya waliochukua kwa pointi 60 za asilimia, na waliopewa bure walivitumia sawa na walionunua. Kizuizi dhidi ya matumizi mabaya kinafaa kuwekwa kwenye namna hospitali inavyolipwa na kwenye utaratibu wa rufaa, mahali penye mtu anayejua tiba, kuliko kuwekwa mlangoni kwa mama mwenye mtoto mwenye homa.

Hoja ya nne ndiyo inayonisumbua zaidi, na sidhani ina jibu rahisi. Mlipaji akiwa mmoja, akikosea anakosea kwa wote. Machi 1, 2024, kitita kipya cha bei cha NHIF kilipoanza kutumika Tanzania, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko kwa siku kadhaa, na mwenye kadi akarudi kuwa mtu wa kulipa taslimu. Kenya, hospitali binafsi zimelalamikia madeni yaliyorithiwa kutoka NHIF ya nchi hiyo na malipo ya SHA yanayochelewa, huku serikali nayo ikisimamisha vituo kwa madai ya wagonjwa hewa. Ghana, tozo ya bima ilikusanywa kama kawaida, lakini kwa sheria ya 2017 sehemu yake ikawekewa kikomo na kuelekezwa kwingine, hadi kikomo hicho kilipoondolewa mwaka 2025. Wajerumani wana jibu lao: mifuko mingi, ili mmoja ukianguka mwingine usimame. Kwetu jibu hilo lina bei yake, kwa sababu mifuko mingi katika nchi yenye walipaji wachache huwagawa watu kuwa wa mishahara na wa vijijini, na wa vijijini hubaki na mfuko mtupu. Afadhali mfuko mmoja uliofungwa kamba: pesa zake zisipitie hazina kuu zikalala huko, deni la hospitali likipita siku zilizowekwa lianze kuzaa riba, na kila mwezi itangazwe hadharani hospitali ipi inadai kiasi gani na tangu lini. Hakuna gumu hapo kitaalamu. Benki hutoa taarifa za namna hiyo kila siku.

Uganda inaonyesha hatari nyingine. Machi 2001 serikali ya Museveni ilifuta ada kwenye vituo vya umma, na watu, hasa maskini, walifurika. Lakini watafiti walipopima baadaye, idadi ya maskini wanaotumia kiasi cha kuumiza kwa matibabu haikuwa imeshuka. Dawa ziliisha kituoni, mgonjwa akaandikiwa karatasi, akaenda kununua duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Ada ilifutwa kwenye dirisha moja ikahamia kwenye lingine. Muswada wa bima ya taifa uliopita bungeni Kampala mwaka 2021 haukusainiwa kuwa sheria. Kwa hiyo anayeupima mfumo wowote kwa kuhesabu kadi zilizochapishwa anahesabu kitu kisichotibu. Kipimo ni rafu ya dawa za zahanati siku ya Alhamisi alasiri, na kama kuna muuguzi wa zamu usiku.

Limebaki suala la nani awe ndani. Thailand haikuthubutu kuziunganisha skimu zake tatu, na hadi leo mtumishi wa serikali hugharamiwa kwa kiwango kikubwa kuliko mkulima. Kanada ilifanya tofauti: Sheria ya Afya ya 1984 iliziadhibu serikali za majimbo zilizoruhusu madaktari kuwatoza wagonjwa ziada, na majimbo kadhaa huzuia bima binafsi kwa huduma zilizomo kwenye mfumo wa umma. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilibatilisha zuio la jimbo la Quebec mwaka 2005, na kuna ukali ndani yake ambao si kila Mkanada anaupenda. Lakini umefanya jambo moja la maana: mwanasheria, mwandishi wa habari na mbunge husubiri kwenye orodha ileile na dereva wa lori, na orodha ikirefuka, kelele zao husikika bungeni. Sheria ya Tanzania inaruhusu skimu za umma na za binafsi kwa pamoja, ikiweka kitita cha msingi kwa wote na cha ziada kwa wenye nacho. Ikiwa wabunge, majaji na makatibu wakuu watakuwa na kitita kingine, hospitali nyingine na mlipaji mwingine, sioni nani ndani ya jengo la Bunge la Dodoma atakayepata taarifa mapema kwamba zahanati ya Tandahimba haijalipwa tangu Januari.